Mshipa wa jicho umevimba, au una vijiwe tu?

Mwezi huu barua za macho zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, mtu katizamwa nyuma ya jicho kaambiwa mshipa wake (si wa damu, ni ule unaopeleka picha kwenye ubongo) hauko sawa, kisha karudi nyumbani na khofu yake hata hajui kaambiwa nini. Naanza na huyu mama wa Wete kwa sababu barua yake ndo iliyonikaa. Jibu lake refu mnisamehe, wengine yenu yatakuwa mafupi kwa vile mengi nishayasema kwake.

SUALI: Assalaam aleikum dokta. Mie ni mama wa watoto wanne tunaishi Wete, suali langu linamuhusu mwanangu wa pili, mtoto mwanamke miaka 12. Ilianza kichwa, akirudi skuli kichwa, akienda chuoni kichwa, ubao anauona vizuri ila akishika msahafu muda mrefu macho yanamchoka. Tukampeleka kupima akatiwa dawa ya kupanua mboni, yule aliyemtizama akaita mwenzake wakatizama wote wawili, mie hapo moyo ushaanza kwenda mbio, ndo wakanambia mshipa wa jicho umevimba macho yote mawili na hii inaweza ikawa ni uvimbe kwenye ubongo, mwende Dar haraka akapigwe picha ya kichwa. Dokta siku ile sikulala. Pesa yote ya karafuu tuliyoiweka ya kuezekea nyumba ikaingia humo, boti, gesti, picha. Alhamdulillah picha ikatoka kichwa kizima hamna kitu, lakini wameandika kuna vidoti vyeupe nyuma ya macho, tukapelekwa kwa bingwa wa macho akampiga altrasaundi akasema hivi ni vijiwe vinaitwa druseni, havina dawa, nendeni nyumbani mrudi baada ya mwaka. Sasa nauliza vijiwe vimeingiaje ndani ya jicho? Bibi yake anasema ni maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, mwengine kasema mimba yake nilikuwa nakula sana tambuu na ile chokaa ndo imemwingia mtoto, wengine wanasema hasadi mana mtoto anafanya vizuri skuli. Havitolewi kwa operesheni? Atakuja kupofuka? Na kwa nini wale wa mwanzo wakatutisha vile? Halafu baba yake na yeye zamani alipokwenda kupima miwani aliambiwa mshipa wake wa jicho umekaa vibaya lakini hakufuatilia. Mama wa Wete.

JIBU: Waaleikum salaam mama, pole sana na hongera kwa kwenda, mana wengine wangeanza na mganga halafu ndo boti. Hicho ulichokitia mwisho kabisa kuhusu baba mtu ndo kitu kikubwa katika barua yako yote, ntakirejea.

Kwanza tujue tunazungumza sehemu gani. Nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea picha tunaiita retina, na kila pembe ya ile ngozi inatoa uzi wake, nyuzi zaidi ya milioni moja, zote zinakwenda kukusanyika sehemu moja kutoka nje ya jicho kwenda kwenye ubongo. Pale zinapotokea ndo kichwa cha mshipa wa jicho, kiduara kidogo cha milimita moja na nusu hivi. Pale pale hapaoni kitu, na kila mtu ana hilo doa la upofu ila hatulijui kwa vile jicho la pili linaziba. Chukua punje mbili za karafuu uziweke juu ya karatasi nyeupe, mbali mbali kama sentimita 8, moja kushoto moja kulia. Ziba jicho la kushoto, kwa jicho la kulia kodolea ile ya kushoto usiiwache, halafu ilete karatasi taratibu kutoka urefu wa mkono mpaka kama sentimita 30 na uso wako. Ile karafuu ya kulia itapotea. Isogeze karatasi tena itarudi. Watoto wanaupenda sana mchezo huu, na huyo binti yako atafahamu tunachokwenda kumpima kila mwaka.

Sasa fikiri msikiti umejaa siku ya Ijumaa halafu mlango wa kutokea ni mmoja na mwembamba. Watu watatoka, lakini watabanana na vitu vitadondoka mlangoni, kofia, makubadhi, funguo. Kuna watu wamezaliwa na ule mlango wa nyuma ya jicho mdogo kuliko wa wenzao, nyuzi zinabanana, na wataalamu wengi wanaona kwamba mwendo wa vitu ndani ya zile nyuzi ndo unaozorota, taka zinabaki pale pale, na kidogo kidogo zinaingia chokaa na kuwa ngumu. Hivyo ndo vijiwe. Havikuingia kutoka nje, vimetokea pale pale mlangoni, ndani ya kile kichwa cha mshipa.

Kwa hiyo kisima chenu hakina kosa, na tambuu nayo haina kosa kwa hili (kwa meno na mdomo tutazungumza siku nyengine). Wala usimkatie mtoto maziwa wala dagaa ukidhani unampunguzia chokaa, ile chokaa ya kwenye vijiwe haitokani na sahani, mtoto wa umri huo anaihitaji kwa mifupa. Suala la hasadi mie sina mashine ya kulipima. Kumsomea msomee, kombe akinywa anywe, ninachokuomba kimoja tu, ndani ya jicho lenyewe asitiwe kitu, si asali si maji ya muarubaini si maziwa ya mama anayenyonyesha, nimeona macho mazima yakaharibika kwa dawa za kutibu kitu ambacho hakikuwa kinauma.

Na si maradhi mapya. Mjerumani mmoja Heinrich Müller aliyaona kwenye darubini mwaka 1858, na mwaka 1868 Liebreich akayaeleza kwa mgonjwa aliye hai. Jina lenyewe druseni ni la Kijerumani, wanaliita hivyo jiwe ambalo ukilipasua ndani mna chembechembe zinazong'aa. Ukitizama watu 1,000 kwa kawaida utawaona nayo kama 3 au 4, lakini waliochunguza macho ya maiti wameyakuta kwa hadi watu 20 katika kila 1,000, yaani wengi wanaishi nayo na wanakufa nayo hawana khabari. Kwa watu weupe yanaonekana zaidi kuliko kwetu sisi weusi ambao ule mlango kwa kawaida ni mpana, na hii ndo sababu moja daktari wa huku halimjii kichwani mwanzo.

Hapo tufike kwenye lawama yako. Nataka nikwambie wale waliomtizama mwanzo, ningekuwa mie pale na nikakuta kichwa cha mshipa kimejaa, mipaka yake haionekani vizuri, macho yote mawili, na mtoto analalamika kichwa, na mie ningekushtua. Labda kwa maneno mengine, na ningekukalisha kitako kwanza, lakini ningekushtua. Kwa sababu presha ikipanda ndani ya fuvu, kwa uvimbe, au maji ya ubongo kujaa, au damu kuganda kwenye mishipa ya ubongo, ule mshipa wa jicho unavimba na kwa nje sura yake inafanana sana na hii ya vijiwe. Vile vijiwe kwa mtoto mdogo vinakuwa vimezikwa ndani, havionekani kwa macho, unaona tu mshipa umetuna. Vinaanza kuchomoza juu mtoto akifika miaka kumi na kitu, hapo unaona vinundu vya manjano vinang'aa kama punje za mtama chini ya kitambaa. Binti yako yuko katikati, vyengine vishatokea vyengine bado.

Kuna alama za kutofautisha na sisi tunazitizama. Mshipa uliovimba kweli kwa presha ya kichwa unaziba ile mishipa midogo ya damu inayopita juu yake kama ukungu unavyoziba minazi asubuhi, kuna damu imevujavuja, vishipa vimetanuka. Wa vijiwe mishipa ya damu inaonekana safi mpaka juu, ila imekaa kiajabu, inagawika matawi mengi mapema, na kile kishimo ambacho kwa kawaida kipo katikati ya kichwa cha mshipa hakipo. Lakini usinishikie neno, hata bingwa anakosea kwa kutizama tu, ndo mana tukaletewa mashine. Altrasaundi ya jicho ni rahisi, haina mionzi wala haiumi, vijiwe vyenye chokaa vinawaka vyeupe hata ukipunguza nguvu ya mashine mpaka kila kitu chengine kimezimika. CT skani nayo inaviona, ndo vile vidoti vyenu, ila kuipiga kwa ajili ya vijiwe tu ni kumpa mtoto mionzi bure, na MRI haisaidii kuviona. Kuna picha ya nyuma ya jicho yenye mwanga maalumu ambayo vijiwe vya juu vinajiwakia vyenyewe. Na bora kuliko zote siku hizi ni mashine ya OCT inayochora tabaka za jicho kwa mwanga, inaviona hata vijiwe vilivyozikwa na visivyo na chokaa bado.

Ungeniuliza altrasaundi ya jicho ingeanza kabla ya kupanda boti, ningesema ingependeza. Mie kwa kweli inaniuma kila nikiona familia inauza kitu kwa ajili ya picha ya kichwa wakati kipimo cha dakika tano kingeweza kutwambia pa kuanzia. Lakini na hapa kuna mtego, kuonekana vijiwe hakumaanishi kichwa ni kizima, mtu anaweza akawa na vyote viwili. Mtoto angekuwa anatapika asubuhi, kichwa kinamuamsha usingizini au kinazidi akilala, anaona viwili viwili, anasikia mvumo masikioni unaokwenda na mapigo ya moyo, basi vijiwe au si vijiwe picha ya kichwa ingebidi tu. Kwa hiyo ile pesa ya mabati usiione imepotea.

Na kichwa chake cha kila siku? Vijiwe haviumi. Hakuna kichwa cha vijiwe. Umesema ubao anauona ila msahafu unamchosha, hiyo inanifanya nifikiri ana haja ya miwani ya kusomea, na macho yenye vijiwe mara nyengine ni macho madogo yanayotaka miwani ya namna hiyo. Mpeleke apimwe miwani akiwa katiwa dawa ya kulegeza jicho, si ile ya kupima dukani haraka haraka, na ukiona kichwa kimeondoka ndani ya wiki chache jibu umelipata.

Operesheni haipo. Vile vijiwe vimekaa katikati ya zile nyuzi zaidi ya milioni moja, ukivichokonoa unakata nyuzi. Dawa ya kuviyeyusha pia haipo, si ya hospitali si ya majani si ya kutoka Oman, atakayekwambia anayo muulize anauza bei gani utafahamu. Kupofuka kabisa ni nadra. Ule uoni wa katikati wa kusoma na kutunga uzi kwenye sindano kwa kawaida unabaki. Kinachoweza kuliwa ni pembeni, kidogo kidogo kwa miaka, na mwenyewe hajui. Ndo mana mwaka kwa mwaka anapimwa upeo wa kuona, kile kipimo cha bakuli, unatia uso ndani unakodoa katikati, taa ndogo zinawaka huku na huku, ukiiona unabonyeza. Kwa mtoto mara ya mwanzo huwa hakitoki vizuri, anachoka, anabonyeza ovyo, usikate tamaa rudieni siku nyengine.

Sasa baba mtu. Vijiwe hivi vinakwenda kwenye damu, mzazi mmoja anaweza akawa navyo na asijue umri wake wote, na kwa kawaida vinakuwa macho yote mawili. Huyo aliyeambiwa mshipa umekaa vibaya akapuuza, mpelekeni, na hao ndugu watatu wa binti yako muwapitishe siku moja. Laiti ile siku ya mwanzo mngesema baba yake aliambiwa hivi, pengine aliyewapima angefikiria vijiwe kabla ya ubongo. Hamkujua, sikulaumu.

La mwisho mama, na hili naliona kubwa kuliko dawa. Ombeni picha ya nyuma ya jicho la mtoto, macho yote mawili, muweke kwenye simu zenu wote wawili na ya karatasi kwenye daftari lake la hospitali, na iandikwe kwa kalamu kwamba huyu ana vijiwe vya mshipa wa jicho. Kwa sababu siku atapokuwa chuo Unguja au ameolewa Tanga na akenda kupima miwani, atakayemtizama atashtuka vile vile, na bila ya ile picha ataanzishwa safari ile ile upya. Na kama siku hiyo mshipa uko tofauti na wa kwenye picha, basi hapo ndo kweli kuna jambo.

SUALI: Dokta habari, mie dereva wa daladala hapa mjini Unguja miaka 43. Miaka kumi iliyopita niliambiwa nina druseni na nikaambiwa haina neno kaendelee na kazi zako, nikaendelea. Sasa mwaka huu najikwaa sana, ngazi siioni mwisho wake, juzi nimekanyaga kapu la samaki la mtu kituoni likiwa chini mbele yangu kabisa, na mtoto kapita mbele ya gari konda ndo aliyepiga kelele. Lakini nikisoma namba za gari mbali naona safi kabisa. Nimekwenda kupima wakasema tena huenda nina presha ya macho. Ni lipi sasa?

JIBU: Kaka yangu, kwanza gari mpe mwenzako leo. Si kesho. Najua watoto wanakula kwa usukani ule lakini yule mtoto aliyepita mbele na yeye ana mama yake. Mpaka upimwe upeo wa macho yote mawili na daktari akwambie kinachobaki kinatosha kuendesha.

Neno "haina neno" nalichukia, mana ni nusu ya maneno. Aliyekwambia alikuwa na haki kwamba hakuna cha kutibu siku ile, ila alitakiwa aseme urudi kila mwaka. Katika watu wazima wenye vijiwe vilivyochomoza juu, wengi tu ukiwapima upeo utakuta pamepungua mahali, na mara nyingi panaanza kuliwa upande wa chini kuelekea puani. Jicho moja likiliwa hapo la pili linaziba, yakiliwa yote mawili ndo unaanza kukanyaga makapu. Namba ya gari unaiona kwa katikati, na katikati yako bado nzima, ndo mana ukadanganyika.

Kuhusu presha ya macho, yaani glaukoma, inawezekana kabisa kuwa navyo vyote, na hapa ndo pana tabu kubwa. Presha ya macho tunaijua kwa kutizama kile kishimo cha katikati ya mshipa kinavyozidi kuchimbika, na kwako kishimo kimejazwa vijiwe, hakionekani. Upeo nao unaliwa kwa sura inayofanana. Kwa hiyo tunategemea kupima presha yenyewe, zaidi ya mara moja, na ile OCT kuona nyuzi zimebaki unene gani mwaka hadi mwaka. Wako madaktari wanampa mtu wa vijiwe matone ya kushusha presha ya macho hata kama haijapanda sana, ushahidi kwamba yanazuia vijiwe visile upeo hautoshi, lakini ukiwa na upeo unaopungua na presha iko juu juu mie ningekupa na nisingeona aibu. Ukipewa tia kila siku, wengi wanatia wiki moja kwa kuwa haioneshi tofauti.

Jengine, huu mshipa wako umebanwa kwa hiyo na damu inayoulisha imebanwa. Sigara wacha, presha ya mwili na sukari zipimwe, ukikoroma sana na kuamka umechoka mwambie daktari. Na ikitokea siku jicho moja linaingia kiza ghafla, nusu au lote, hata kama haliumi, usingoje mpaka ushushe abiria wa mwisho, nenda siku ile ile. Kwa mtu mwenye vijiwe mshipa unaweza kukosa damu ghafla, au mshipa wa damu wa retina ukaziba, au ikavuja damu kutoka kwenye vishipa vibovu vinavyoota pembeni, na hiki cha mwisho kina matibabu, sindano, kikiwahiwa.

SUALI: Mama yangu ana miaka 71 yuko Makunduchi, kaambiwa ana druseni. Nimesoma zinarithiwa, sisi watoto tukapime?

JIBU: Jina moja vitu viwili, wala si kosa lako, tunachanganya hata sisi. Kwa umri wa mama yako karibu hakika ni druseni za retina, madoa ya mafuta na taka chini ya ile ngozi ya kuonea, katikati pale pa kusomea, yanakuja na uzee. Hazihusiani na vijiwe vya mshipa. Hizi zinatisha kwa upande mwengine, zinaweza kuharibu katikati na kuwacha pembeni. Mfundishe kila asubuhi azibe jicho moja moja atizame nondo za dirisha, siku akiona zimepinda ambazo jana zilikuwa zimenyooka mpelekeni wiki ile ile. Nyinyi mkivuka miaka 50 mpime, na mvutaji sigara kati yenu awache sasa.

SUALI: Mwanangu wa kwanza ana miezi 5, macho yanachezacheza hayatulii wala hanifuati kwa macho. Tumeambiwa mishipa ya macho imezaliwa midogo. Mie nina miaka 19, mama mkwe anasema ni kwa sababu nimezaa mdogo. Kuna tiba India? Mama wa Chake.

JIBU: Mwanangu, pole. Ni kweli wataalamu wameona hali hii ipo zaidi kwa watoto wa kwanza na mama wadogo, lakini kuonekana zaidi si kusema wewe umesababisha, wapo mabinti chungu nzima wa miaka 19 wamezaa watoto wanaoona, na kwa nini inatokea kwa huyu isitokee kwa yule hakuna aliyekwishaijibu. Mwambie mkweo dokta kasema hivyo.

Mshipa kuwa mdogo ni kwamba nyuzi zilizoota ni chache. Haziongezwi. Hiyo tiba ya chembe shina (chembe changa za mwili zinazoweza kugeuka za aina nyengine) wanayouziwa watu nje ya nchi kwa mamilioni haijaonesha faida kwa maradhi haya, usiuze kiwanja. Lakini usije ukadhani basi hakuna la kufanya, la kufanya lipo na ni la haraka, na hata jichoni halipo. Wengi wa watoto hawa wana kasoro kwenye tezi ndogo chini ya ubongo inayotoa homoni. Mtoto anaweza asikue, sukari ikashuka, na hatari zaidi akipata homa au anatapika mwili unashindwa kujihimili akazimia, watu wakasema degedege. Kwa hiyo omba kwa daktari wa watoto apimwe homoni na apigwe MRI ya kichwa. Alipozaliwa alikaa na manjano muda mrefu? Ana uume mdogo sana kama ni mwanamme? Mwambie daktari yote. Na akipata homa kabla hajapimwa usimpe panado ukangojea asubuhi.

Kuona, baadhi yao wanaona kuliko tulivyodhani wakiwa na miezi 5, uoni unaendelea kukomaa miaka ya mwanzo. Zungumza naye sana, mpe vitu vya rangi kali, njugu ndani ya chupa, mguse kabla ya kumnyanyua asishtuke. Nitumie barua tena homoni zikitoka.

Na nyinyi mlionitumia picha za mishipa kwenye WhatsApp ya gazeti mkitaka majibu, siwezi kumtibu mtu kwa picha iliyopigwa kwa simu juu ya karatasi, ila matatu nayaweza. Wa Mkoani, mshipa uliolala upande umezaliwa nao, unakwenda na miwani ya astigmatizimu (uso wa jicho kutokuwa mviringo sawasawa), vaa miwani basi. Wa Fuoni, ile sehemu nyeupe kama manyoya ya kuku pembeni ya mshipa ni nyuzi zilizovishwa ganda mpaka ndani ya jicho, kwa kawaida hazifanyi kitu, ila mtoto akiwa na hizo na jicho moja lina namba kubwa ya miwani apimwe kama jicho limelala uvivu. Na wewe wa Konde uliyeandikiwa kuna kishimo kwenye mshipa, si kile cha kawaida cha katikati, na sasa unaona maandishi yamepinda katikati, wewe hukutakiwa uniandikie, ulitakiwa uwe kwa daktari wa retina, kile kishimo kinaweza kuvuja maji yakaingia chini ya sehemu ya kusomea. Nenda wiki hii.